Kijana akikwambia "Nikasali ili iweje?"

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mbagala alinitumia ujumbe wa sauti. Kijana wake wa kidato cha tatu hataki tena kanisa, na akiulizwa anajibu, "Nikasali ili iweje?" Mama anaomba mistari ya kumsomea.

Dada yangu, maneno hayo nayasikia sana kwenye kipindi cha dini ninachofundisha shuleni, siku hizi hata kwa watoto wa kwaya. Ukimdadisi kijana, ni nadra kukuta amekaa akatafakari akaona Mungu hayupo. Utakuta amekata tamaa. Kaka yake alifunga, akasali, akafaulu, akamaliza chuo. Leo cheti kiko kabatini na yeye yuko kijiweni na bodaboda ya mkataba, anahangaikia hesabu ya tajiri, yaani pesa ya kumpelekea mwenye pikipiki. Mdogo mtu anayaona hayo kila jioni.

Niliwahi kuwa na binti wa kidato cha nne aliyepata ziro kwenye moko, mtihani wa majaribio. Alinifuata baada ya kipindi, anachorachora kiganja kwa kalamu, hanitazami. "Mwalimu, Mungu ana watu wake. Mimi simo." Nikamuuliza amekula nini tangu asubuhi. Hakuwa amekula. Tukaenda kwa mama ntilie nje ya geti, akala chapati na maharage, ndipo akafunguka: mama mgonjwa, baba hajulikani alipo, na yeye anaamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza kabla ya shule.

Someni 1 Wafalme 19. Eliya aliomba afe, na malaika hakumhubiria. Alimwambia ainuke ale, akala, akalala tena. Binti aliposhiba nilimpa Zaburi ya 13 asome mwenyewe: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Akashangaa. "Kumbe hii imo kwenye Biblia?" Leo anasomea uuguzi na bado anasali. Najivunia binti yule, sifichi.

Kwa hiyo dada, mpe Zaburi hiyo, na Marko 9, baba aliyemlilia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa. Ila mpe baada ya kumsikiliza mpaka amalize. Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Nasisitiza, msikilize kwanza.

Akitamka kwamba heri afe, usiseme ni utundu, wala usiishie kukemea pepo. Kaa naye karibu, mpeleke hospitali, na pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Kuna mzee wa kanisa alinisema mbele ya vijana kwamba nawafundisha watoto kumlaumu Mungu. Mpaka leo linaniuma, kwa sababu waliokuwa wameanza kuuliza walinyamaza, na wengine sijawaona tena ibadani. Wazee wangu, wachungaji wangu, Tomaso alikataa kuamini mpaka aone alama za misumari, na Bwana alimjia akamwonyesha mikono yake. Sisi ni nani hata tumfukuze kijana kwa swali? Tunajenga makanisa makubwa kila kona ya jiji hili, halafu mtoto wa miaka kumi na sita hana hata mtu mzima mmoja humo anayejua kwamba hajala. Jumapili hii, kabla ya matangazo ya ujenzi, watafuteni vijana wa benchi la nyuma, muwaulize habari za nyumbani, na mkae mpaka wajibu.