Waanze na nyanya, roboti itakuja baadaye

Swali la wiki liliuliza: tufanyeje ili wanafunzi wa sekondari hapa Dar es Salaam wajitokeze kwa wingi kwenye mashindano ya sayansi na teknolojia?

Mashindano yapo. Young Scientists Tanzania ilianzishwa mwaka 2011, na MAKISATU, yaani Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yalianza mwaka 2019. Kinachokosekana ni swali la kupeleka huko. Mwanafunzi akisikia neno "ubunifu" anawaza roboti, anapiga hesabu ya fedha, anajitoa kimyakimya. Mwalimu naye anasubiri mwenye kipaji ajitokeze. Mpeni mwanafunzi jambo dogo la mtaani kwake linalopimika, mtaona anavyobadilika.

Chukueni nyanya. Zinatoka Ilula mkoani Iringa, zinashushwa Soko la Ilala kwenye matenga, zinafika gengeni, na baada ya siku chache nyingine zinatupwa. Miaka ya 1990 mwalimu Mohammed Bah Abba alisambaza kaskazini mwa Nigeria jokofu lisilotumia umeme: chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa. Swali la mradi ni hili: je, linafaa Dar es Salaam?

Tafuteni vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi, kwa sababu rangi huziba vinyweleo na chungu hakitoi jasho. Kipenyo cha kikubwa kizidi cha kidogo kwa sentimita 6 hadi 8, ili kila upande ibaki nafasi ya sentimita 3 au 4. Wekeni mchanga sentimita 3 chini, ingizeni chungu kidogo, jazeni pembeni. Mchanga uwe wa mtoni na uoshwe. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi huganda kwenye udongo wa chungu. Mwagieni maji asubuhi na jioni mpaka mchanga ulowe bila maji kutuama, kisha funikeni kwa kitambaa cha pamba kilicholowa. Chungu kikae kibarazani, kivulini, penye upepo. Kikifungiwa stoo hakipoi.

Nunueni kilo 3 za nyanya zilizokomaa sawasawa. Nusu ziingie chunguni, nusu zikae kwenye ungo palepale kivulini. Bila ungo hakuna cha kulinganisha, na wengi hapa ndipo wanapoponyokwa. Kila asubuhi, kwa siku 7, pimeni uzito na hesabuni zilizooza. Angalieni ukungu pia, maana chungu kina unyevu na nyanya huweza kuota ukungu hata kama hazikupata joto.

Vipimajoto viwe vitatu: kimoja chunguni, kimoja hewani, cha tatu kimevikwa kitambaa cha pamba kilicholowa na kuwekwa penye upepo. Kabla ya kuanza, tumbukizeni vyote kwenye ndoo moja ya maji kwa dakika 5. Vikitofautiana kwa nyuzi 1 au 2, andikeni tofauti hiyo na isahihisheni kila mnaposoma. Someni saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7 na saa 10.

Kile cha tatu ndicho kinachofumbua fumbo. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto, lakini hewa iliyokwisha kushiba mvuke haipokei mwingine. Hewa ikiwa na nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 70, kipimajoto kilicholowa hugota kwenye nyuzi 26 na kitu, na chungu hakiwezi kushuka chini ya hapo. Nyuzi zilezile 31 kwa unyevu wa asilimia 30, kama siku kavu ya Dodoma, kipimajoto hicho hushuka hadi karibu 19.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Temeke atapata nafuu ya nyuzi 3 au 4 tu, atavunjika moyo. Miradi mingi hufia hapa: mwanafunzi anaacha, au, vibaya zaidi, anapika namba. Mwalimu awe karibu siku hiyo amwambie kwamba hilo ndilo jibu lenyewe. Amepima kwa nini kifaa kilichosifiwa kwingine kinachechemea Pwani. Arudie Julai kama alipima wakati wa masika, maana majaji watamuuliza alirudia mara ngapi.

Kuhusu ratiba, kidato cha nne wana mtihani wa taifa na cha pili wana upimaji mwishoni mwa mwaka. Waanzeni kidato cha kwanza na cha tatu, wawili wawili, mmoja asome kipimo na mwingine aandike, kisha wabadilishane. Daftari liwe la kalamu ya wino. Namba iliyokosewa ikatwe kwa mstari mmoja, isifutwe. Na wajizoeze kueleza kwa Kiswahili kwanza, hata kama bango ni la Kiingereza. Binti anayejua kazi yake hunyamaza mbele ya majaji kwa sababu alikariri sentensi, na ikimponyoka moja zote zinakimbia.

Mzazi asiyejua fizikia ana kazi yake pia: ampeleke mtoto gengeni kabla hajanunua chungu, amuulize mama muuza nyanya anatupa ngapi kwa kila tenga, na zinaanza kulegea siku ya ngapi. Majibu hayo ndiyo ukurasa wa kwanza wa daftari.