Jibu: GFP imezimika baada ya kusafisha ubongo wa panya

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: ubongo umekuwa angavu kama kioo baada ya 3DISCO (njia ya "kusafisha" tishu, yaani kuzifanya zipitishe mwanga kwa kemikali), lakini ukiuweka kwenye hadubini, seli za neva zenye GFP (protini inayong'aa kijani) hazing'ai.

Usianze kuhangaika na leza ya hadubini. Chukua ubongo mwingine wa panya wa aina hiyohiyo ambao haujasafishwa, kata kipande chembamba, kiangalie kwenye hadubini ya kawaida ya fluoresensi. Kiking'aa, basi kemikali ndizo zimekuulia GFP.

Mimi yalinikuta hayohayo, na mchawi alikuwa chupa ya THF, kiyeyushi kinachotumika kwenye 3DISCO, iliyokaa wazi muda mrefu. THF na DBE (kiyeyushi kingine cha 3DISCO) zikikutana na hewa hutengeneza peroksidi, na peroksidi huizima GFP. Pima kwa vijikaratasi vya peroksidi kabla ya kutumia. (Usalama pia: THF ya zamani yenye peroksidi inaweza kulipuka, usiichemshe.) Hata THF ikiwa safi, GFP haipendi kukaushwa maji, kwa hiyo piga picha mapema, usingoje wiki.

Kama huna haraka, hamia iDISCO, njia ya kusafisha inayotumia kingamwili (protini zinazonasa kitu maalum). Pale huitegemei GFP yenyewe; unaipaka kingamwili yenye rangi ya mwanga mwekundu wa mbali, ambao pia hupenya tishu vizuri zaidi. Ila kingamwili huingia polepole, ni kazi ya siku nyingi. Anza na nusu ya ubongo.

CUBIC, njia nyingine ya kusafisha, hutumia maji na huihifadhi GFP, lakini sijaitumia kwa mikono yangu, aliyeijaribu atuambie.