Barua kwa mwanangu: jicho lako baada ya upasuaji wa retina

Mwanangu,

Umeuliza upasuaji wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) iliyobanduka ukoje, na kwa nini daktari anasisitiza namna ya kulala kuliko upasuaji wenyewe.

Upasuaji ndio sehemu fupi. Mara nyingi huchukua saa moja hadi mbili, tena kwa ganzi ya jicho tu. Daktari hutoboa matundu matatu, kila moja chini ya milimita moja, kwenye weupe wa jicho: la maji, la taa na la kifaa kinachokata na kufyonza ute unaojaza jicho. Ute huo ndio ulioivuta retina hadi ikachanika. Huilaza retina mahali pake, huzungushia mchaniko leza au baridi kali, kisha hujaza gesi.

Leza haishiki papo hapo. Kovu lake huhitaji kama wiki mbili kukomaa, na muda wote huo gesi ndiyo inayoziba mchaniko ili maji yasipenye nyuma ya retina. Gesi hupanda juu siku zote, kwa hiyo mlalo wako unategemea mchaniko ulipo. Mmoja huambiwa alale kifudifudi, mwingine ubavu. Usimwige wa kitanda cha jirani. Chali usilale, maana gesi itaegemea lenzi na kuiacha retina.

Mwanzoni hutaona zaidi ya mkono ukipungwa. Baadaye utatokea mstari unaochezacheza kama maji ndani ya chupa: juu yake unaona, chini yake ukungu, nao hushuka siku hadi siku. Gesi ni za aina: iitwayo SF6 huisha kwa wiki mbili hivi, iitwayo C3F8 kwa karibu miezi miwili. Kabla haijaisha usipande ndege wala mlima mrefu, na ukipata upasuaji wowote mwambie mtu wa usingizi asikupe naitrasi oksaidi, gesi ya usingizi inayoivimbisha ile ya jichoni. Gesi ikivimba hupandisha presha ya jicho, nawe waweza kupofuka. Wakikuwekea mafuta ya silikoni badala ya gesi, jua kuna upasuaji wa pili wa kuyatoa.

Kukwaruza kama mchanga ni kawaida. Maumivu makali, kutapika, usaha, au kivuli cha pazia kurudi: nenda siku hiyohiyo. Takribani mmoja kati ya kumi retina yake hubanduka tena, mara nyingi kwa sababu ya makovu yanayoikunja retina. Mtoto wa jicho naye hufuata mara nyingi, lakini huyo hutolewa.

Muulize daktari kama kitovu cha retina kilikuwa kimebanduka. Kama ndiyo, kuona hurudi kwa miezi, na mistari iliyonyooka huenda ikabaki imepinda.

Mzazi wako