Sukari kwenye ORS ni ya nini?

SWALI: Habari za kazi daktari. Mwanangu wa mwaka na nusu aliharisha siku mbili mfululizo, mimi nikawa nampa maji matupu mengi tu ila akazidi kulegea mpaka macho yakaingia ndani, mama mkwe akasema nimpe soda iliyotoka gesi nikampa, ndo kabisa. Zahanati wakatupa ORS, ile poda ya kuchanganya na maji, na zinki, jioni ile ile akaanza kuchangamka. Kusoma pakiti naona chumvi na sukari, sasa hivi sukari ni ya nini, si ingetosha chumvi na maji? – Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Pole sana mama kwa kuuguza. Hiyo sukari siyo ya kuleta ladha wala nguvu, hiyo ndo inayofungua mlango.

Iko hivi, kila seli ya mwili imezungushiwa utando wa mafuta, mwembamba kiasi kwamba ukipanga kama elfu 10 hivi ndo unafikia unene wa unywele mmoja. Oksijeni inapenya yenyewe, lakini chumvi na sukari kwenye mafuta hazipiti, lazima zipate mlango, na milango yenyewe ni protini zilizochomekwa kwenye huo utando. Maji sasa yana tabia ya kufuata chumvi. Si unajua ukikatia vitunguu vya kachumbari ukanyunyiza chumvi ukaacha kidogo, unakuta maji yamejaa chini ya bakuli na wewe hukuweka hata tone? Yale yametoka ndani ya seli za kitunguu yakaifuata chumvi nje, ndo osmosisi yenyewe hiyo.

Kwa hiyo ukitaka maji yatoke kwenye utumbo yaingie mwilini, ingiza chumvi kwanza. Na kwenye ukuta wa utumbo mdogo kuna mlango unaochukua chembe 2 za sodiamu (ndo iliyo kwenye chumvi) na 1 ya glukosi (ndo sukari yenyewe ya ORS) kwa pamoja, sodiamu ikija peke yake hapo haivushwi. Upande wa pili wa seli kuna pampu inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 (madini mengine ya mwilini), usiku na mchana, ili ndani sodiamu iwe kidogo na ile ya kwenye utumbo izidi kuvutwa. Pampu hiyo aliigundua Mdenmaki Jens Skou mwaka 1957, na habari ya sukari na sodiamu kupita pamoja aliieleza Robert Crane mwaka 1960.

Kinachonigusa mimi ni kipindupindu. Sumu yake inafungulia kloraidi (ile sehemu nyingine ya chumvi) imwagike kwenye utumbo, sodiamu na maji vinafuata, mtu anaisha mwili ndani ya masaa, ila huo mlango wa sukari na chumvi haiugusi kabisa! Mwaka 1971 wakati wa vita ya Bangladesh, kambi ya wakimbizi ya Bangaon kule India, dripu zilikuwa hazitoshi, Dk. Dilip Mahalanabis akaanza kuwanywesha watu maji ya chumvi na sukari, vifo vikashuka kutoka kama asilimia 30 mpaka chini ya 4.

Soda sasa, mama mkwe alikuwa na nia njema lakini sukari yake ni nyingi mno na chumvi karibu hamna, inayavuta maji ya mwilini kurudi kwenye utumbo, mtoto anakuwa kama kile kitunguu. ORS ina glukosi gramu 13.5 na chumvi gramu 2.6 kwa lita, kwa hiyo soma pakiti yako inataka maji kiasi gani uweke hayo hayo, usikadirie kwa jicho na usiongeze sukari ili mtoto aipende. Akitapika subiri dakika 10 halafu mpe tena taratibu kwa kijiko, na iliyobaki baada ya masaa 24 mwaga, koroga nyingine. Zinki mmalizie siku zote walizokuandikia hata kama kuharisha kumeacha.