Mahali pa Kufungia Jeki Ndefu, na Namna ya Kuifunga Isikugeukie

Jeki ndefu ya kukwamulia gari, ile ya nguzo yenye matundu na mpini mrefu wa kupampu, ni chombo ambacho wengi wetu hukikumbuka pale tu gurudumu linapozama. Nilikuwa hivyo hivyo. Nilitumia siku nyingi kujifunza namna ya kuinulia gari bila kujiumiza, lakini uamuzi wa mahali ambapo jeki yenyewe ingekaa nikauchukua kwa nusu saa, na miezi michache baadaye jeki hiyo nusura iingie chini ya gurudumu langu la mbele nikiwa mwendoni.

Nilikuwa nimeifunga mbele, juu ya bampa la chuma, kwa bolti mbili na nati za mabawa, zile ambazo hukazwa kwa vidole bila spana. Barabara ilikuwa ya changarawe, imejikunja kama bati, na ilinitikisa kwa saa tatu. Nikaanza kusikia mlio kama wa mtu anayegonga debe, nikadhani ni jiwe lililonasa kwenye madigadi, nikaendelea. Niliposimama nilikuta nati ya upande wa kushoto imekwisha kudondoka, ncha ya jeki imeshuka chini ya bampa, na nguzo nzima inaning'inia kwenye bolti moja iliyopinda, kiasi cha kiganja tu kutoka kwenye tairi. Kama ncha ile ingechoma ardhi wakati gari linakimbia, nguzo ingejisimika kama mkuki na kuvunja chochote kilichokuwa nyuma yake, kuanzia rejeta.

Tangu siku hiyo huanza na uzito kabla ya kufikiria mahali. Aina iliyowapa watu wengi mazoea ya jeki hizi ni Hi-Lift, iliyoanza kutengenezwa Bloomfield katika jimbo la Indiana, Marekani, mwaka 1905. Ile ya inchi 48, yaani karibu sentimita 122, ina uzito wa karibu kilo 13, na ile ya inchi 60, karibu sentimita 152, huzidi hapo kidogo. Kilo 13 si nyingi kwa mtu anayeibeba mkononi. Lakini chukulia gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, likagonga kitu na kusimama ndani ya sentimita 60: kila kilichofungwa kwenye gari hilo kinasimamishwa kwa nguvu ya wastani ya takriban mara 16 ya uzito wake, kwa hiyo bolti zinazoshika jeki zinavutwa kana kwamba zimebeba zaidi ya kilo 200. Hiyo ni hesabu ya wastani tu, kwa kuwa katika mgongano halisi kuna nukta fupi ambapo nguvu hupanda juu zaidi ya hapo. Ndiyo maana siwezi kukubali jeki iliyofungwa kwa mipira ya kunyumbuka, kwa kamba za plastiki, au kwa mkanda mmoja wa mizigo uliochakaa kwa jua, hata kama mwenye gari ananiambia kwamba imekaa hivyo miaka mitano bila kuanguka. Miaka hiyo mitano haikuwa na ajali ndani yake.

Baada ya bampa nilihamia juu ya keria, na huko nako nilijifunza kwa gharama. Kila kilo unayoiweka juu ya paa inapandisha kitovu cha uzito wa gari, na gari linaloingia njia za mteremko wa ubavu halihitaji msaada wa kupinduka. Aidha, kitabu cha mwongozo wa gari hutaja uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba wakati gari linatembea, na ni lazima uzito wa keria yenyewe uhesabiwe ndani ya kiwango hicho, jambo ambalo wengi husahau. Kilichonitoa huko, hata hivyo, si hesabu. Siku moja gari lilikwama likiwa limelalia upande, nikapanda kwenye tairi lililojaa tope ili nifungue jeki, mguu ukateleza, na kilo 13 za chuma zikashuka kupitia ubavu wa gari hadi kwenye bega langu. Bega lilipona upesi kuliko mlango.

Juu ya boneti sipashauri kabisa, ingawa huonekana kwenye picha nyingi. Bati la boneti ni jembamba, bawaba zake hazikutengenezwa kubeba mzigo unaotikisika, nguzo inakatiza macho ya dereva hasa anapopanda kilima, na mtu atakayegongwa na gari hilo atakutana na chuma kitupu. Kwenye bampa la mbele, nilikoanzia, kuna hasara nyingine mbali na ile iliyonipata: jeki inakula tope na maji yote ya njiani, inaweza kuziba hewa inayokwenda kwenye rejeta au mwanga wa taa, na katika magari yenye mifuko ya hewa vyuma vilivyoongezwa mbele vinaweza kubadilisha namna sensa zinavyoupokea mgongano.

Nyuma, kwenye mkono wa tairi la akiba, ni mahali panapofaa zaidi, kwa sharti kwamba mkono huo umeshikwa na bampa au chasisi na haukufungwa kwenye mlango. Mlango wa nyuma unaobeba tairi tayari una mzigo wa kutosha. Ukiuongezea jeki, bawaba huanza kulegea na mlango kushuka, na mara nyingi bati hupasuka kuzunguka bawaba kabla mwenye gari hajatambua. Ndani ya gari ni mahali salama dhidi ya kutu na wizi, lakini ikiwa tu jeki imelazwa sakafuni, imefungwa kwenye pete za chuma zilizokazwa kwenye sakafu, na kuna kizuizi imara kati yake na viti. Jeki iliyolazwa nyuma ya kiti bila kufungwa ni kombora linalosubiri breki ya ghafla.

Gari langu ni pikapu, kwa hiyo sasa jeki yangu imelala kwa mapana ndani ya bodi, nyuma kabisa ya kebini, imeshikwa na mhimili wa chuma unaofungwa pande zote mbili za bodi. Nilichagua hapo kwa sababu nne za kawaida: pako chini kuliko paa, pako ndani ya umbo la gari, kebini inaikinga na upepo wa mbele, na ninapafikia nikiwa nimesimama ardhini, upande wowote gari lililolalia. Bodi nyingi hubanwa na matao ya magurudumu, hivyo ilinibidi kupima mara mbili kabla ya kukata chuma, na mwishowe mhimili ukakaa juu ya matao.

Vishikio vyenyewe ndivyo vinavyostahili muda wako mwingi zaidi. Nguzo ya jeki ina matundu kwa mpangilio sawa, na njia imara ni bolti kupita kwenye tundu, wala si kibano kinachotegemea msuguano peke yake. Natumia bolti za milimita 10 zenye alama ya 8.8 kichwani, ambayo huonyesha uimara wa chuma chake, mbili, zilizoachana kwa sentimita 70 hivi, kwa sababu vishikio vikikaribiana sana katikati ya nguzo ncha zake hupigapiga kama mbawa na kuchosha chuma. Pale ambapo bolti zinapita kwenye bati, weka upande wa pili bamba la chuma la unene wa milimita 4 au 5 na lenye upana wa kiganja. Washa ndogo, yaani ile pete bapa ya chuma inayokaa chini ya nati, ikiwa peke yake hung'olewa pamoja na bati. Usitoboe kingo za juu au za chini za chasisi kwa ajili ya kazi hii, na ukihitaji kuchomelea, mpe fundi anayefahamu chasisi, achomoe betri kwanza, na aondoe rangi na zinki mahali pa kuchomea kwa kuwa moshi wa zinki ni sumu. Kishikio kinachochomoza kama mkono mtupu kitapasuka kwenye shina lake, basi kiungwe kwa kipande cha pembetatu chini yake.

Kuhusu mpira, nilikosea kwa muda mrefu. Niliweka vipande vinene na laini kati ya nguzo na kishikio ili kuondoa kelele, na kelele ikaondoka, lakini kila baada ya safari nilikuta nati zimelegea. Mpira laini ukibanwa hujikunja polepole na kupungua unene, na bolti iliyokuwa imekaza hubaki haina cha kubana. Sasa natumia mpira mgumu na mwembamba, na nakaza upya baada ya kilomita 100 za kwanza. Nati zenye pete ya nailoni ni nzuri mahali ambapo hapafunguliwi mara kwa mara. Kwa upande unaofunguliwa, pete hiyo huchoka, kwa hiyo nimeweka nati mbili zinazokazana moja juu ya nyingine, na nje yake nimetoboa ncha ya bolti ili ipite kufuli ndogo. Kufuli hilo linazuia mwizi, na hata nati zote mbili zikilegea, jeki haitatoka.

Jeki inapowekwa, wenzo mdogo wa kuchagua kupanda au kushuka uwe kwenye kupanda, vinginevyo sehemu inayotembea juu ya nguzo inaweza kuteleza yenyewe kwa mtikisiko. Mpini ufungwe kwenye nguzo kwa kibano chake, na ikiwa kibano kimelegea ongeza mkanda, kwa sababu mpini unaofunguka mwendoni una urefu wa kutosha kumfikia mpanda pikipiki aliye kando yako. Kitako kikiweza kutolewa, kitoe na ukihifadhi pamoja na zana nyingine. Pini za kupandia, zile zinazoingia na kutoka kwenye matundu ya nguzo jeki inapopanda, pamoja na springi zake, ndizo zinazosaliti watu: vumbi na tope kavu huzigandisha, na jeki inayogandia ikiwa imebeba gari ni hatari kubwa zaidi kuliko kukosa jeki. Nimevisha sehemu hiyo mfuko wa turubai, na naisafisha kwa brashi na mafuta mepesi. Grisi usiipake, maana hukusanya mchanga na kuugeuza msasa.

Kabla ya safari ya kwanza na kishikio kipya, shika nguzo kwa mikono miwili na uitikise kwa nguvu zako zote. Gari zima linapaswa kuyumba juu ya springi zake kabla kishikio hakijacheza. Kisha chora mstari wa rangi unaopita juu ya nati na kuendelea kwenye chuma kinachoishikilia. Mistari miwili isipolingana, utaona kwa jicho moja asubuhi, unapopima mafuta na upepo wa matairi, kwamba nati imezunguka.

Jaribio la mwisho nililifanya usiku, taa zote zikiwa zimezimwa, na buti zimeloa tope kwa makusudi. Mara ya kwanza nilitumia karibu dakika kumi kuifungua, na saba kati ya hizo nilikuwa natafuta spana. Sasa spana hiyo, pamoja na ufunguo wa kufuli, vimefungwa kwa kamba fupi chini ya kiti cha dereva, na hakuna anayeruhusiwa kuviazima.