Kukomesha usumbufu kituo cha daladala

Bi dada, umeuliza mfanye nini wasichana wasipigiwe miluzi na kushikwa mikono wakishuka daladala Mwanakwerekwe, Unguja, maana mabango hayakusaidia. Bango likimwambia msichana ajistiri, mwenye kosa anapita zake. Mwandikieni yeye: "Usimshike. Usimfuate. Usimzibie njia."

Lakini kwanza, kwa wiki 2, wasichana waandike bila ya majina: mahali, saa, kilichotendeka. Mpelekeeni sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, daftari hilo, aite kikao cha madereva, makonda na wenye maduka. Kiwe kituoni penyewe, baada ya alasiri. Mkikiweka ofisini watakuja waliokwisha kukubali tu. Azungumze mwanamme mtu mzima wanayemheshimu, na makonda wafanye zoezi hapo hapo: kuita "Muacheni apite!", kisha kumuuliza msichana kama yu salama, bila ya kupigana. Kampeni huweza kuvunjika hapa, watu wakiona ila hawajui waseme nini.

Aliyeguswa mwili apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyo hiyo, pamoja na shahidi. Sulhu ya barazani msiikubali hata kidogo. Ndiyo inayomrudisha mkosaji kituoni kesho yake.