Matawi ya biolojia, na mkonge wa Tanga

SWALI: Nasoma kidato cha tano hapa Tanga, mchepuo wa CBG (kemia, biolojia na jiografia). Nasikia mkonge una watu wa botania, wa jenetiki, mpaka wa mikrobiolojia. Nani tawi la nani? – Msomaji, Chumbageni

JIBU: Kuna matawi yaliyopangwa kwa aina ya kiumbe: botania ni mimea, zuolojia wanyama, mikolojia kuvu, mikrobiolojia vijidudu vya kuonwa kwa hadubini. Mengine yamepangwa kwa swali: anatomia huuliza kiumbe kimeundwaje, fiziolojia kinafanyaje kazi, jenetiki kimerithi nini, ikolojia kinaishije na mazingira yake. Mipango hiyo huingiliana, ndiyo maana mtu mmoja huwa wa botania na wa jenetiki kwa pamoja.

Huo mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, ukitokea Florida. Mtu wa jenetiki atakwambia una seti tano za kromosomu, yaani vibeba urithi vya ndani ya seli, kila seti 30. Wakati wa kutengeneza chavua kromosomu hutakiwa kujipanga jozi jozi, na tano haigawanyiki kwa mbili. Mbegu huwa adimu. Basi hupandwa vitoto vya kwenye mlingoti, ile nguzo ndefu ya maua, au machipukizi ya shinani. Vyote ni nakala ya mama: ugonjwa ukiuweza mmoja, umeiweza yote.

Kwa fiziolojia, mkonge hufungua vitundu vya majani usiku na kuvifunga mchana, maji yasipotee. Anatomia nayo inaonyesha kwamba nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi. Yanayobaki ni ya mtu wa mikrobiolojia. Kule Hale, Korogwe, yalijengewa mtambo wa biogesi. Humo kundi moja la vijidudu huvunja mabaki kuwa asidi, la pili hugeuza asidi kuwa methani, gesi inayowaka. Hili la pili huzaana polepole. Mtambo ukilishwa kwa pupa, asidi hurundikana, pH (kipimo cha uasidi; ikishuka, asidi imezidi) hushuka chini ya 6.5 na gesi hukatika. Hapo acha kulisha, tia chokaa kidogo kidogo mpaka pH ikaribie 7.

Na usiidharau BAM, lile somo la hisabati ya msingi: jenetiki na ikolojia zinakula takwimu kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani.

SWALI: Uyoga nao ni botania? – Msomaji, Muheza

JIBU: Zamani uliwekwa huko. Lakini hauna klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, kuta za seli zake ni za kaitini badala ya selulosi, na akiba yake ni glikojeni, si wanga. Uko mikolojia.